Gari Halina Kizingiti

Walimwekea kiti nje.

Hakikuwa kiti kibaya. Kilikuwa cha mbao, kimefutwa vumbi, na mkaza mwana wa nyumba ile alikileta kwa mikono miwili kama anayemkaribisha mgeni wa heshima. Lakini kiliwekwa chini ya upenu, na wenzake wote wa kikundi cha Nyota ya Asubuhi walikuwa wamekwisha kuingia ndani. Akoth alikitazama kile kiti, akautazama mlango uliokuwa wazi, akakaa. Alikuwa mtu wa kukaa na kutazama. Watu wengi walidhani mtu wa namna hiyo haumii.

Kikao kilikuwa Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, nyumbani kwa mwenyekiti wao Selpher, mchuuzi wa samaki ambaye wote walimwita Mama Ochuodho kwa jina la mwanawe. Siku zote walikutana Malaba, kwenye kibanda cha chai cha Akoth kando ya foleni ya malori. Leo Mama Ochuodho alisema jua ni kali, afadhali waje kwake. Sasa Akoth alianza kuelewa hilo jua lilikuwa la namna gani.

Na safari ya pwani iliyokuwa ikijadiliwa mle ndani ilikuwa wazo lake.

Pale Malaba kila kitu hupita. Malori hutoka Mombasa, hukaa siku kadhaa yakingoja karatasi, kisha huvuka kwenda Uganda. Wanawake wa Nyota ya Asubuhi waliwauzia madereva chai, samaki na mahindi ya kuchemsha, na miji ya nchi yao waliijua kwa midomo ya madereva hao tu, kama mtu anayeijua pilau kwa harufu ya jiko la jirani. Ndipo mwaka ule wa tisini na sita, katikati ya kikao, Akoth akaweka birika chini na kusema, "Kwani sisi ni mizani? Kila lori litukanyage lipite, sisi tubaki hapa hapa?"

Walicheka. Halafu wakaanza kuuliza.

Akoth alikuwa na majibu. Wangekodi basi kuukuu la kanisa, pamoja na dereva wake Makokha. Wangebeba unga, omena na sufuria. Nakuru wangewaona heroe waliolifanya ziwa kuwa la waridi. Tsavo wangeona ndovu. Mombasa wangeingia Fort Jesus na kuzunguka vichochoro vya mji wa kale, kisha wasogee hadi Gede, mji wa zamani ambao watu waliuacha na msitu ukaumeza. Na kulala? Lojingi za nini? Mtu wa Busia hakosi ndugu kwenye barabara ile. Roselida ana kaka yake Nakuru, anafanya kazi ya reli. Mama Ochuodho ana mwanawe Nairobi. Alaso ana mpwa wake Changamwe. Watalala kwa ndugu, mikeka chini, asubuhi waende zao.

Kila mtu alimsifu kwa wazo lile la ndugu. Hakujua kwamba alikuwa anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Maana Akoth alikuwa mjane. Mumewe, Obuya, alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Akirudi kutoka pwani alimsimulia jinsi ndovu wa Tsavo walivyo wekundu kama tofali, kwa udongo wanaojimwagia, na jinsi wanavyovuka lami polepole huku malori yamesimama kama watoto wa shule. "Siku moja nitakupeleka ukaone," alisema. Kisha lori likapinduka karibu na Mtito Andei, na Obuya akarudi ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari. Wazee walikataza lifunguliwe. Akoth hakumwona mumewe, wala hakuwahi kupaona mahali alipofia. Alizika ubao. Hilo ndilo alilolitaka katika safari ile: basi lipite Mtito, atazame kwa macho yake, aseme, ni hapa.

Mle ndani Mama Ochuodho alikohoa, na sauti yake ikatoka hadi uani.

"Mimi si mtu mbaya, mnanijua. Lakini Ochuodho ako na watoto wadogo. Mjane hajarithiwa, avuke kizingiti cha mtoto wangu, alale humo? Chira itamwacha nani?"

Kwa Wajaluo mjane hulala kwanza na ndugu wa mumewe, ndiko kurithiwa, ndipo aruhusiwe kuingia nyumba za watu. Chira ni ile laana ya kuvunja mwiko, inayomkausha mtu hadi abaki mifupa. Miaka ile watu walikuwa wakikauka kweli, na kila aliyekauka alitafutiwa mwiko alioukanyaga.

"Wee Mama Ochuodho," Alaso akadakia. Alaso alikuwa Mteso wa Malaba, si Mjaluo, mnene, mwenye mdomo usiokuwa na breki. "Chai yake si unakunywa kila siku ya soko? Ama chira haipendi chai?"

Wengine walicheka.

"Kibanda si nyumba. Na kikombe yeye huweka kwa meza, mimi nachukua kwa meza. Uliniona lini nikimgusa mkono?"

Hilo lilikuwa kweli. Akoth aliliona tangu siku ya mazishi. "Weka hapo, mwanangu," Mama Ochuodho husema kila mara, kwa sauti tamu, akionyesha meza kwa kidevu. Chenji, kikombe, hata chumvi. Akoth alikuwa ameweka hapo kwa miaka miwili.

"Hata mke wa kaka yangu wa Nakuru ni mkali kwa hiyo maneno," Roselida akasema polepole. "Hatakubali."

"Si kitu cha kutuumiza kichwa," Mama Ochuodho akaendelea. "Mimi nimeshaongea na shemeji yake, Opondo. Jumamosi atakuja Malaba. Usiku mmoja tu, maneno yaishe. Jumatano tunasafiri wote, roho safi. Sasa tuje kwa dizeli."

Sasa tuje kwa dizeli! Akoth aliona masikio yake yakiwaka. Walikuwa wamempanga pale katikati, baada ya unga na kabla ya dizeli, kama kitu cha kutayarishwa ili safari isikwame. Alisimama, akausogelea mlango hadi vidole vya miguu vikagusa kizingiti. Hakukivuka.

"Mama Ochuodho. Mimi niko hapa. Nasikia."

"Ndiyo usikie, mwanangu. Tunakusaidia."

"Mnanisaidia nini?"

"Upate kwenda. Ama hutaki kwenda?"

"Safari niliileta mimi."

"Uliileta, asante. Sasa ni ya kikundi."

Akoth aliwatazama mmoja mmoja. Roselida alikuwa anachokoa ukucha. Alaso alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, akaufunga tena bila kusema kitu. Hilo lilimchoma Akoth kuliko yote.

Jumamosi Opondo alikuja kweli, amepanda baiskeli yake ya boda boda na kuvaa koti zito jeusi katikati ya jua la Malaba. Madereva waliokuwa wakinywa chai walimtazama wakadhani ni mgonjwa.

"Karibu chai, shemeji," Akoth alisema.

"Leo sikuja kwa chai." Alicheka, akalivua koti, akalitundika kwenye msumari wa nguzo ya kibanda, taratibu, ili kila mtu aone. Kwao koti la mwanamume likilala kwa mjane, habari imekwisha. Watu wote wanajua mwenyewe ni nani.

"Shemeji, huo msumari ni wa kitambaa cha vyombo."

"Kitambaa kitapata pengine."

"Toa koti."

"Akoth, usinifanyie hivyo mbele ya watu. Mila si mimi nilitunga."

"Hata mimi sikutunga." Aliendelea kupangusa vikombe, hakupandisha sauti. "Obuya alipokufa ulikuja ukachukua baiskeli. Hiyo hapo, unapandia mpaka leo. Ukarudi ukachukua redio. Ukarudi ukachukua kitanda, nikalala chini. Nilinyamaza. Nilifikiri umemaliza."

Dereva mmoja Mganda alisema kwa sauti ya chini, "Bambi," pole ya kwao, akaweka kikombe chake chini. Opondo alikuwa amekunja uso.

"Mama Ochuodho aliniambia umekubali."

"Basi kamtundikie yeye."

Pale kibandani palilipuka kicheko. Akoth hakucheka. Alilitoa koti msumarini, akalikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akaliweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli iliyokuwa ya mumewe.

"Utabaki hapa!" Opondo alipiga kelele akiondoka. "Wenzako wataona simba, wewe utaona matairi!"

Jioni ile ile habari zilifika Mundika kabla hata Opondo mwenyewe hajafika. Jumatatu Roselida alipita kibandani, akanunua mandazi asiyoyataka, akasema huku akitazama barabara, "Mama Ochuodho amesema usijisumbue Jumatano."

"Na wewe umesema nini?"

Roselida alichukua mandazi yake mezani.

Usingizi ulikuwa mgumu siku zile. Akoth aliwaza: kama ni laana, mbona baiskeli haina laana? Mbona kitanda cha marehemu kinalaliwa na wake wa Opondo na hakuna aliyekauka? Ni yeye tu, kati ya vitu vyote vya Obuya, aliyekuwa na sumu.

Jumatano alfajiri basi la kanisa lilitoka Busia na wanawake wengi ndani yake, likasimama Malaba karibu na foleni ya malori kuwachukua waliobaki. Makokha alipofungua mlango, wa kwanza kupanda alikuwa Akoth, na mkeka uliokunjwa kwapani, na chupa kubwa ya chai, na vikombe kwenye kikapu. Alikaa kiti cha dirishani, nyuma ya dereva.

Mama Ochuodho alisimama kutoka kiti cha tatu.

"Akoth. Hukupata ujumbe?"

"Niliupata."

"Na utalala wapi, mama?"

"Humu humu. Gari halina kizingiti."

Minong'ono ilipita viti vyote. Mama Ochuodho alimgeukia dereva. "Makokha, wewe hulala wapi safarini?"

"Humu, mama. Nalinda magurudumu. Ukilala mbali unaamka gari liko juu ya mawe."

"Haya! Mnasikia? Mjane na dereva ndani ya gari moja! Hiyo ni aibu gani mnataka kutuletea?"

Akoth aligeuka. Alijua alichokuwa anakwenda kusema, maana alikuwa amekitafuna siku zote zile.

"Jumamosi ulinitumia mwanaume mkekani kwangu, haikuwa aibu. Leo mwanaume alale kiti cha mbele, mimi kiti cha nyuma, kila mtu na blanketi yake, ndiyo aibu?"

Nje lori moja lilikuwa likinguruma bila kwenda.

"Shuka," Mama Ochuodho alisema.

"Sishuki."

"Mshusheni!"

Hakuna aliyesogea.

"Roselida! Wewe uko karibu. Mshike mkono umtoe."

Roselida aliutazama mkono wake mwenyewe kama aliyeuona leo. "Mimi niko na watoto nyumbani," alisema.

"Makokha!"

"Mama, mimi nimeitwa kuendesha. Sikuitwa kugusa wajane."

Ndipo Akoth alipoelewa, na wote wakaelewa pamoja naye. Mwiko ule ule uliomwekea kiti nje ulikuwa umewafunga mikono. Alinyoosha mkono wake hadi katikati ya njia ya basi, kiganja juu.

"Nishike wewe mwenyewe, Mama Ochuodho. Nivute. Nitashuka bila kelele."

Mkono ulibaki pale hewani. Mama Ochuodho alirudi nyuma hatua moja, akagonga kiti, akakaa.

Mlangoni kulikuwa na mtu anahema. Alaso alipanda na gunia la mahindi, akaliangusha, akajibwaga kando ya Akoth hadi mapaja yao yakabanana.

"Sogea, wewe," alisema. Kisha, chini zaidi, "Siku ile Mundika nilinyamaza. Nilikuwa mjinga." Akavuta pumzi. "Mimi pia nalala humu. Magoti yakivimba utanikanda. Makokha, unangoja nini, dizeli inaisha kwa mdomo!"

Basi liliondoka. Lilipita kando ya foleni ndefu, na madereva waliomjua Akoth wakapiga honi. Hakuwapungia. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, kwa sababu hakuwa amepewa kitu. Alikuwa amekaa tu mahali pake, na ikahitaji vita vyote vile.

Walipopita Amagoro jua lilikuwa limechomoza na baridi haijatoka. Nyuma yake sauti ilisikika, tamu kidogo, kavu kidogo.

"Akoth. Hiyo chupa ina chai?"

"Iko."

"Nimiminie basi. Uniwekee..."

Mama Ochuodho alitazama kulia, akatazama kushoto. Basi la kanisa halikuwa na meza.

Akoth alimimina kikombe kikajaa. Aligeuka, akakishika kwa mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, akangoja. Barabara ilikuwa na mashimo na chai ilikuwa ya moto, lakini hakukitikisa. Mtito Andei bado ilikuwa mbali sana.