Herufi Nono za Harusi ya Glory

Mzee Zabron alichora mviringo wa mwisho kwa kuzungusha mdomo wa kikombe cha bati, akaujaza rangi nyekundu, akarudi nyuma kutazama bango lake. HARUSI HUKU. Kila herufi ilikuwa imeshiba, tumbo mbele, mabega ya duara, zimebanana kama wanakwaya wanene kwenye benchi moja.

"Babu, herufi hizi zimeumuka," alisema Glory, mjukuu wake, bibi harusi wa kesho. "Watu wa Tanga watatucheka."

"Wacheke wakishafika. Ukungu ukishuka hapa Mlola, herufi nyembamba ndizo za kwanza kupotea."

Mchungaji alikuwa ameshasema: saa nne kamili yuko madhabahuni, saa tano anaondoka kwenda mtaa mwingine. Alen, bwana harusi kutoka Tanga, na ndugu zake, wageni kabisa wa milima hii ambao hata sura zao hazikujulikana hapa, wakipotea njia panda, ndoa ingesogezwa mpaka mwezi ujao.

Asubuhi ukungu ulishuka kweli, bango limeshasimamishwa njia panda. Saa mbili na nusu matarumbeta yakalia bondeni, magari manne yakapanda. Zabron alicheka peke yake kama aliyetekenywa. Shangazi Rahabu na wenzake wakalifunga lango kwa kanga, kama ilivyo ada, bwana harusi asiingie mpaka awaridhishe.

"Shikamooni, mama zangu," alisema kijana mwenye suti.

"Marahaba. Lakini shikamoo haifungui lango."

Akatoa kreti ya soda.

"Hiyo ya koo. Na miguu yetu iliyosimama tangu alfajiri?"

Akatoa vitenge. Akaambiwa acheze, akacheza mpaka tai ikahamia mgongoni. Nusu saa nzima.

"Haya, mtaje mkeo," alisema Rahabu, karibu aridhike.

"Yunis."

Matarumbeta yakanyamaza moja moja.

"Yunis wa nani? Wetu ni Glory."

Kijana alikuwa Shukrani, na Yunis wake alikuwa ng'ambo ya kilima, akisubiri ndoa ya saa sita. "Bango letu hatukuliona," alisema. "Tuliona lile jekundu. Lilivyochangamka, dereva hakuuliza."

Zabron hakujua ajifiche au ajisifu. Glory alichungulia dirishani. "Babu, saa tatu na robo."

Honi zikalia chini. Alen amefika, lakini magari ya Shukrani yameziba njia, na juu ya mgongo ule wa mlima gari haligeuki. Alen akapanda kwa miguu, anahema, mkono mfukoni kutafuta cha kutoa langoni.

"Pita, mwanangu," alisema Rahabu, mdomo umejaa soda. "Mwenzio ameshakulipia."

Shukrani aliangua kicheko, akawaamuru wapiga tarumbeta wake watangulie. Glory akashika gauni magotini, akateremka kuyafuata magari ya Alen kule chini, katikati ya magari ya watu asiowajua, wageni wa Yunis wakimpigia vigelegele, Zabron nyuma yake akirukaruka na kiatu kimoja.

Saa nne kasoro dakika mbili walikuwa madhabahuni. Mchungaji alimuuliza Glory kama anamkubali Alen, kisha akalazimika kungoja, kwa sababu bibi harusi alikuwa anacheka na sauti haitoki.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Huyuhuyu."