Suruali Haina Unafiki

Fundi alijua siri nyingi kuliko daktari, na zote alizipata kwa tepu. Kwenye kibanda chake cha cherehani, kati ya duka la viatu na kinyozi, watu wazima wenye vyeo vyao walisimama mikono juu kama wanaokamatwa, wakavuta tumbo ndani na kubana pumzi. Yeye alingoja tu. Hajazaliwa mtu wa kubana pumzi mpaka fundi achoke. Pumzi ikiisha, tumbo linarudi kwao, naye anasoma namba ya kweli, anaiandika kwa chaki pembeni ya meza, kisha anatamka kwa sauti namba nyingine, ndogo kidogo, yenye adabu.

Kaka yake mkubwa alikuwa mshauri wa lishe kwenye zahanati, mtu wa maneno matamu na suti. Watu walimwita Bwana Suruali, naye jina hilo lilimkaa vizuri, maana alilitafuta mwenyewe. Kila alipopewa kipaza sauti alisema yaleyale.

"Mizani inadanganya, inategemea imewekwa wapi. Kioo kinadanganya, kinategemea taa. Lakini suruali haina unafiki! Kila mwaka vaeni nguo zenu za harusi. Ikiingia na kufunga, uko salama, nenda zako. Ikikataa, kaa pale kwenye benchi la nesi, upimwe sukari na presha, upangiwe chakula."

Watu waliupenda ushauri huo mno, kwa sababu uliwataka wahangaike siku moja tu kwa mwaka. Siku hiyo ikapewa jina: Siku ya Suruali. Uwanja wa zahanati ulijaa mabwana wenye suti za zamani na mabibi wenye magauni meupe yaliyogeuka rangi ya maziwa. Kila mmoja aliingia nyuma ya pazia kwenye chumba cha nesi, akavaa, akatoka akizunguka mbele za watu kama tausi. Aliyefaulu alipewa cheti, soda ya baridi na kipande cha keki.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, fundi hakupata hata nafasi ya kukohoa.

"Fundi, hii imesinyaa kidogo kabatini," mwenyekiti wa mtaa alisema, akisukuma furushi mezani huku akitazama barabarani.

"Makabati ya mtaa huu, mwenyekiti! Sijui yametengenezwa kwa mbao gani. Nguo zote zinasinyaa."

"Ni unyevu."

"Unyevu, ndiyo. Unyevu umekupata hapa kiunoni, na hapa nyuma, na mapajani usiseme."

Akashona. Alishona za mwenyekiti, za kinyozi, za mwalimu mkuu na mkewe. Mwaka uliopita watu themanini na watatu walivaa nguo za harusi, na themanini na watatu wakafaulu. Nesi alikaa peke yake kwenye benchi lake tangu asubuhi, akafuma soksi mbili nzima za mjukuu. Vijikaratasi vya kupimia sukari vikamwozea kwenye boksi. Ripoti ikapanda kwa wakubwa kwamba eneo hili halina mtu hata mmoja aliye hatarini, na barua ya pongezi ikashuka.

Na suruali iliyoongoza kwa unafiki ilikuwa ya Bwana Suruali mwenyewe, ila yeye hakujua.

Ilianza miaka saba nyuma. Asubuhi moja kifungo kiligoma. Bwana Suruali akatangaza hali ya hatari nyumbani kwake: wiki tatu familia nzima majani ya kuchemsha, bila mafuta, bila chumvi, na alfajiri mbio za kuzunguka nyumba. Yeye mwenyewe adhabu hiyo ilimpita kando, kwa sababu mchana alikuwa kwenye semina za lishe, na semina za lishe, kama wote waliowahi kuhudhuria wanavyojua, zina nyama ya kukaanga. Siku ya kumi na nane mkewe alikuja kibandani na suruali chini ya kitenge.

"Wifi yangu, niokoe. Watoto wanaota mkate. Jana wa mwisho kaota mkate unamkimbiza."

Fundi akacheka mpaka akajichoma sindano. Akafumua mshono wa nyuma, akaachia inchi mbili zilizokuwa zimefichwa ndani. Kesho yake kifungo kikafunga. Bwana Suruali akapiga kifua na kuwaambia watu kwamba siku kumi na tisa za nidhamu zinatosha kurudisha ujana, na nyumbani kwake mafuta yakarudi jikoni.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kila mwaka. Akiba ya mshono ilipoisha, fundi alikata pindo za miguu. Pindo zilipoisha, alikula mifuko ya nyuma, vikabaki vifuniko vyake tu kama milango isiyo na nyumba. Kisha akaingia kwenye koti. Koti la harusi lilikuwa kabatini likining'inia kwa heshima zote, limetazama mbele. Mgongo wake ulikuwa umeshahamia kwenye suruali. Kutoka thelathini na mbili, kiuno kilifika arobaini na moja, na Bwana Suruali bado akihubiri kwamba ana umbo la bwana harusi. Wanaume hujitazama mbele tu. Hilo fundi alilijua tangu ajifunze kushona.

Mwaka huu wifi alikuja Jumatano, siku tatu kabla. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaiweka suruali magotini.

"Inataka inchi tatu," alisema.

"Nguo imeisha, wifi. Labda nikate pazia lenu."

"Kata chochote." Akaisukuma suruali mezani. "Kaka yako ana kidonda kidole gumba cha mguu. Mwezi wa pili sasa. Kiatu kilimchubua, basi hakiponi. Ametoboa kiatu kidole kipate hewa. Anakunywa ndoo ya maji kwa siku, na chooni anakwenda kama amepanga chumba huko."

Fundi akaweka mkasi chini. "Umemwambia apime?"

"Nimemwambia. Kasema, apime kwa ajili gani na suruali inafunga? Kasema mimi mtu wa jikoni nisimfundishe kazi."

Aliitazama ile suruali, jinsi vipande vilivyopangana nyuma, mshono juu ya mshono, kazi safi, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Kwa mara ya kwanza hakuona kazi nzuri. Aliona kidole.

Alasiri ile alifunga kibanda akamfuata kaka yake ofisini. Alimkuta na sahani ya semina iliyobaki, chupa mbili za soda, na picha kubwa ya karoti ukutani. Kiatu cha kulia kilikuwa chini ya meza, kimetobolewa kweli, na chumba kilikuwa na harufu iliyojificha chini ya manukato.

"Mdogo wangu! Suruali yangu umeshaipiga pasi?"

"Bado. Kaka, huo mguu uonyeshe kwa nesi. Hatua ishirini tu hapo nje. Akuchome kidole, basi."

"Mimi? Nikakae kwenye benchi la walioshindwa?" Alicheka, akafuta mdomo. "Wewe fundi wewe, mambo yako uzi na vifungo. Mwili wangu naujua. Miaka ishirini na miwili kiuno kilekile! Nani mwingine mtaa huu?"

"Na kama suruali imekosea?"

"Mtu anakosea. Mke anakosea, samahani lakini. Suruali haikosei." Akamegua kipande cha keki. "Jumamosi nafungua mimi. Naivaa wa kwanza, mbele ya mgeni kutoka wilayani. Ipige pasi vizuri."

Fundi alitoka na maneno yake yote mdomoni, hayajapungua hata moja. Angemwambia nini? Kwamba yeye na wifi wamemshonea uongo kwa miaka saba? Angesema ni wivu. Angesema wanawake wamekula njama. Mtu huyu haamini mke, haamini dada, haamini hata kidole chake mwenyewe. Anaamini suruali. Basi suruali ndiyo imwambie.

Alirudi kibandani jua likiwa bado kali, akachukua wembe wa kufumulia. Mshono kwa mshono alitoa kila kilichowekwa: mgongo wa koti, mifuko, pindo. Mwisho akarudisha na zile inchi mbili za kwanza, akazishona ndani kama zilivyokuwa siku ya harusi. Vipande akavifunga kwa uzi, akatia kwenye mkoba wake. Alijua anachochezea. Kaka angeaibika mbele ya mgeni, na wateja waliobaki wangeogopa wembe wake kuliko nesi. Akaipiga pasi vizuri, kama alivyoagizwa.

Jumamosi uwanja ulifurika. Mgeni wa wilayani alikaa mbele. Bwana Suruali alihutubia akiwa amevaa suruali ya michezo yenye mpira kiunoni, akichechemea kidogo na kuuita mwendo huo mazoezi mapya. Alisema suruali haina unafiki, watu wakamalizia pamoja naye kwa sauti moja. Kisha akachukua kifurushi chake, akaingia nyuma ya pazia.

Watu wakasubiri. Mpiga ngoma akapiga, akachoka, akaacha. Pazia likatikisika. Kitu kikagonga kabati.

"Mdogo wangu!" ilisikika sauti. "Njoo hapa!"

Fundi akaingia na wifi nyuma yake. Nesi alikuwa ameshatangulia, amejishika mdomo. Bwana Suruali alikuwa amesimama katikati ya chumba, suruali imemkaba mapajani, haipandi wala haishuki, mikono miwili imeshika kiuno ambacho hakingemfikia hata kwa kuombewa.

"Imesinyaa!" alisema. "Umeiunguza kwa pasi!"

"Haikusinyaa, kaka. Imerudi kwao."

Akafungua mkoba, akapanga vipande juu ya kitanda cha wagonjwa, kimoja kimoja. Hiki cha pindo. Hiki cha mfuko. Hiki kikubwa, mgongo wa koti lako. Bwana Suruali alivitazama kama mtu anayeonyeshwa ndugu asiowajua.

"Tangu lini?"

"Tangu majani ya kuchemsha," mkewe alisema.

"Miaka saba? Mke na dada, miaka saba mnanidanganya?"

"Tulikudanganya," fundi alisema, "na tumekosa. Sikuja kujitetea. Lakini sheria ni yako, kaka: ikikataa, benchi. Imekataa."

Alifungua mdomo. Nesi hakungoja hotuba. Akamshika mkono, akamchoma kidole, akadondosha tone kwenye kijikaratasi. Kimashine kikawaza, kisha kikaandika kumi na saba.

"Ni nzuri?" Bwana Suruali aliuliza.

"Hata aliyetoka kula sasa hivi hatakiwi kufika kumi na moja, bwana mshauri."

"Labda ni ile keki ya asubuhi."

"Keki peke yake haifanyi hivi. Na hata ungekuwa mwembamba kama sindano ya dada yako, ningekupima vilevile. Ugonjwa huu haupimi kiuno kwanza ndipo uingie. Lete mguu."

Mguu haukuweza kuletwa. Suruali ilikuwa imefunga mapaja pamoja, hawezi kukaa, wala kuinama, wala kuvua kiatu. Nesi akainama, akakivuta kile kiatu kilichotobolewa, akaona kidole. Akakigeuza huku na huku, akakibonyeza pembeni.

"Kitakatwa?" aliuliza polepole. Sauti ile ndogo hakuna aliyeisikia nje.

"Leo hapana. Kikisafishwa kila siku, dawa ukanywa, na chakula ukala unachowafundisha wenzio, kitapona. Ungengoja Siku ya Suruali nyingine, tungekuwa tunazungumzia mguu. Sasa nahitaji ukae, na hiyo suruali hainiruhusu."

Bwana Suruali akaitazama suruali yake ya harusi. Akamtazama mkewe, kisha dada yake.

"Kata, mdogo wangu."

"Kaka, nikikata hairudi."

"Nimesema kata!" alipaza sauti. "Kata yote!"

Fundi akachukua mkasi wa nesi wa bandeji, akakata kuanzia kiunoni hadi chini, na kitambaa cha miaka ishirini na miwili kikalia kraaa. Bwana Suruali akaangukia kitandani na kutoa sauti ya mtu aliyefunguliwa.

Huko nje watu walisikia "kata yote", wakasikia kraaa, wakasikia mwanamume mzima akilia. Mama mmoja akazimia kwenye gauni lake, vifungo vinne vikaruka. Pazia lilipofunguka, fundi akatokea na mkasi mkono mmoja na suruali iliyokatwa mkono wa pili.

Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa wa pili kwenye mstari, alishika furushi lake kifuani. "Fundi," alinong'ona, "na ile yangu... umeifanyaje?"

Ile ya mwenyekiti fundi hakuigusa tena. Inchi zake zote nne zilikuwa palepale, na ingemkaa kama ngozi. Lakini hakuulizwa mbele ya hakimu. Akamtazama mwenyekiti kiunoni, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, akatikisa kichwa kwa huruma.

Mwenyekiti akaenda kukaa kwenye benchi la nesi. Kinyozi akamfuata. Mwalimu mkuu alimwambia mkewe kwamba anapumzisha miguu tu, akakaa. Mkewe akakaa pembeni yake ahakikishe anapumzika. Kufikia saa tano benchi lilijaa na watu wakaanza kugombania nafasi kwenye ngazi. Mgeni wa wilayani, ambaye hakuwa na nguo ya harusi wala furushi, aliulizia kama na yeye anaruhusiwa.

Nesi alitoka na boksi jipya. "Haya, wa kwanza!"

"Mimi nimewasindikiza wengine tu," mwenyekiti alisema, akiufumbata mkono.

Kutoka nyuma ya pazia, ambako mke na dada walikuwa wakishika ule mguu usiruke, ikasikika sauti ya Bwana Suruali, imechoka lakini imepata nguvu ya kutosha kwa jambo moja.

"Nesi! Huyo mchome vidole viwili!"