Mpango wa Njia ya Makaburini

"Kituo cha kwanza ni mlangoni," Aglaia alisoma, na penseli ya kwanza ikapanda.

Ndiyo desturi ya idara ile ya fasihi simulizi, pale chuo kikuu cha mji wa Iași. Mwanafunzi anasimama penye kona ya meza, anasoma mpango wa makala yake sehemu baada ya sehemu, na mwalimu asiyeridhika anainua penseli. Ikipanda, sehemu hiyo imekufa. Bila mpango huandiki makala, na bila makala nafasi ya uzamivu anapewa mwingine. Mwaka jana Aglaia alikataliwa. Kanuni inamruhusu mtu arudi mara moja tu, na mara yenyewe ndiyo hii.

"Mlangoni pa nani, mama supu?" aliuliza Daktari Lupu, kijana ambaye ndevu zake zilichanwa vizuri kuliko hoja zake. Wote pale walimjua Aglaia kutoka kantini. Yeye ndiye aliyewapakulia supu ya maharage, na hakuna aliyeona haya kudai aongezwe nyama.

"Mlangoni pa marehemu, Daktari. Jeneza linapotoka, wanawake wanaomboleza. Halafu kisimani, njia panda, darajani, mpaka kaburini. Kila kituo kina kilio chake. Ndivyo nilivyoipanga makala, msomaji atembee na jeneza."

Mpango aliupangia sakafuni jikoni kwake, kwa vipande vya karatasi, akivisogeza kwa kidole cha mguu huku mikono ikimenya viazi. Ule wa mwaka jana ulitanguliza nadharia juu ya nadharia. Vilio vyenyewe vikaja mwisho, kama bibi harusi anayeingia ukumbini wageni wameshaondoka. Safari hii msimamizi wake, Profesa Smaranda, alimwambia, "Achana na hayo, mwanangu. Fuata jeneza. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Na kweli alikuwa nyuma yake, amekaa karibu na jiko la kupashia joto. Penseli iliyopanda kwanza ilikuwa yake.

"Mapitio ya maandishi yako wapi?" Smaranda aliuliza, kama mtu asiyewahi kumwona.

"Profesa, si ulisema mwenyewe..."

"Nilisema? Endelea."

Kisima kikafa. Njia panda ikafa. Walipofika darajani, mkuu wa idara, Profesa Haralambie, aliinua penseli bila kuacha kutafuna. Ilikuwa siku ya mtakatifu wa jina lake, naye kama ilivyo ada alikuwa amewanunulia wenzake keki. Aglaia hakukatiwa.

Likabaki kaburi.

"Haya, tujaribu kuokoa kitu," mkuu alisema, akijipangusa krimu mdomoni. "Hicho kilio cha kaburini kikoje? Hebu tulilie kidogo. Kikitugusa, tutautazama upya mpango mzima."

Vilio vyote Aglaia alifundishwa na shangazi yake Paraschiva, na shangazi alikuwa na katazo moja tu: kilio cha kaburi hakitolewi mahali pasipo na maiti, maana hakirudi mikono mitupu, lazima kiondoke na mtu. Smaranda alilijua katazo hilo. Lilikuwa kwenye mpango, na yeye ndiye aliyelipigia mstari kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: safi sana. Aglaia akamgeukia. Smaranda alikuwa anakagua kucha zake.

"Lakini Profesa, hakuna aliyekufa hapa."

"Mpango wako umekufa, mama!" Lupu akadakia, na meza nzima ikaangua kicheko.

Aglaia akaweka karatasi chini. Akalia.

"Inuka, mpenzi, fundi amekujengea nyumba isiyo na dirisha. Asubuhi utaijuaje? Inuka, umwambie amekosea vipimo..."

Mwanzoni walitabasamu. Kisha uma zikasimama hewani. Haralambie, aliyemzika mkewe majira ya majani kupukutika, alilegeza tai, akageukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Aglaia alipomaliza, mkuu akajifuta macho kwa kitambaa kilekile chenye krimu.

"Ajabu," alisema. "Ajabu kabisa." Halafu, kwa upole wa daktari wa meno, "Ila nadharia hakina."

Penseli zikapanda. Ya Smaranda ilipanda mwisho kabisa, ionekane ilifikiri kwanza.

Aglaia alikuwa koridoni, anavaa koti, aliposikia sauti ya Lupu kupitia mlango ulioachwa wazi. "Inuuuka, mpeeenzi..." Wakacheka mpaka meza ikagongwa.

"Siyo hivyo, wewe!" Ilikuwa sauti ya Smaranda. "Sauti inashuka kwanza, ndipo inapanda. Rudia."

Lupu akarudia. Akakatika katikati. Wakacheka tena, lakini kidogo. Akaanza upya, polepole, safari hii bila mzaha, na kilio kikaanza kufanana na kilio. Pale koridoni, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, Aglaia akajikuta anavuta pumzi mahali palepale ambapo kijana yule aliikosa.