Meza ya Kwanza

Nashon Were aliziba pengo kati ya meza kwa goti upande huu, likafunguka upande ule. Akazunguka, akasukuma meza ya tatu, pengo likahamia dirishani. Mara ya nne aliipiga meza teke, akabaki ameshika kidole cha mguu huku akiulaani mtaa mzima wa Parklands.

Zilikuwa meza sita za chekechea, kila moja yenye ubavu mrefu, ubavu mfupi mbele yake, na pande mbili zilizoinama sawasawa. Mchoro ulisema pembe mbili za ubavu mrefu ziwe digrii sitini kila moja, ndipo meza zote zifungane kumzunguka mwalimu. Mchoro hautoki jasho.

Veronicah, mwalimu mkuu, alisimama mlangoni akichezea funguo. Alikuwa ameahidi kwamba zikifungana leo Ijumaa, kazi ya meza za madarasa mengine matano ni ya Nashon. Baada ya miaka kumi na miwili katika karakana za watu huko Kangemi, hii ndiyo kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe.

"Fundi, si uliniambia zitafungana?"

"Zitafungana, madam. Ni hii floor."

"Floor tumeweka tiles juzi tu."

Nashon akafungua mkoba wake. Alitandika karatasi ya kaki juu ya meza ya sita, akaikata kufuata ukingo, akaikunja katikati. Pembe mbili zilipaswa kulaliana. Moja ilichungulia nje upana wa kidole gumba. Akakata nyingine kwa meza ya nne; pembe ilichungulia kidogo. Za meza ya kwanza zikalaliana kabisa.

Mjinga mimi, alijiambia, na hasira yote ikamrudia mwenyewe. Meza ya kwanza aliipima kwa kipimapembe. Ya pili akaichora kwa kufuata ya kwanza, ya tatu kwa kufuata ya pili, na hivyo hadi ya sita, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Kila moja ilirithi kosa la mwenzake na kuongeza lake.

"Si uweke tu kakipande hapo, upige rangi?" Veronicah alisema. "Nani ataona?"

Kabari ya mbao ilikuwa mkobani. Nashon aliichomeka, na pengo likafa. Kisha akaing'oa.

"Hapana, madam. Watoto watazivuta hizi meza, shimo itatokea kwingine. Hizi tano narudi nazo."

"Na Monday wazazi wanakuja! Hiyo kazi ingine sasa nimpe nani?"

 Nashon alibeba meza moja moja hadi kwenye mkokoteni uliokuwa nje, mgongo ukimuuma, akiacha ile ya kwanza peke yake katikati ya chumba.

Aliporudi kuchukua mkoba, alimkuta Veronicah amepiga magoti, funguo sakafuni, akiikunja tena ile karatasi ya kaki ya meza ya kwanza, polepole, aone kama pembe zitakutana.