Mshale Haukurudi

Wilbert alikuwa juu ya ngazi tangu saa tatu asubuhi, shingo ameipinda nyuma, dole gumba amelikandamiza kwenye tumbo la boriti ya chuma. Chini ya dole hilo palikuwa na kipande cha karatasi kisichozidi stempu ya barua, nacho mafundi walikiita stempu, na ndani ya karatasi waya mwembamba kuliko unywele. Ilikuwa masika ya mwaka hamsini na sita, na Dar es Salaam nzima ilikuwa imelowa. Hata viberiti vilikuwa haviwaki. Gundi iligoma kukauka. Akiondoa dole, stempu itateleza. Asipoliondoa, mkono utakufa ganzi. Basi akabaki hapo hapo, jasho likimwingia machoni.

"Teremka unywe uji, mwanangu," Bi Zamzam alimwita kutoka chini. "Hicho chuma hakikimbii."

"Bado kidogo, mama."

Bi Zamzam aliweka jiko lake chini ya boriti hiyo hiyo, akiwapikia uji mahamali wa ghala lile la Kariakoo. Ghala lilikuwa la Bwana Champaklal, muuza nafaka: juu sakafu ya mbao ya kuwekea magunia, chini uwazi wa kupakilia, na katikati ya vyote viwili boriti moja ya chuma iliyobeba sakafu nzima. Champaklal alitaka kuweka magunia mara mbili ya yale ya zamani. Serikali ikamwambia alete kwanza cheti cha injinia, na injinia, Mzungu mmoja, akamleta fundi wake Wilbert na stempu zake.

Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Chuma kikilemewa huvutika, kidogo mno jicho lisione. Stempu iliyogandamana nacho huvutika nacho, umeme hupita kwa shida zaidi kwenye ule waya, na mshale wa mita husogea. Ukitua mzigo, chuma hujirudi, na mshale nao hurudi kwenye sifuri. Lakini chuma kikipitishwa kiasi chake hakijirudi tena, hata ukitua mzigo wote. Kinabaki vile vile, kimeumia, kinangoja siku yake. Wilbert hakuyapata hayo darasani. Shule yake ilikomea misheni, huko kwao Kibosho. Aliyapata katika miaka minane ya kubandika.

Mwishowe alifanya kama afanyavyo kila masika. Aliazima pasi ya mkaa kwa fundi cherehani wa jirani, akaishika karibu na stempu bila kuigusa, mpaka gundi ikakaza. Ujanja huo ulikuwa wake mwenyewe. Mwaka uliopita injinia aliuona, akacheka, akampigapiga begani. Wilbert alibandika stempu tatu, zote katikati ya boriti, ndipo chuma kinapoumia zaidi, akazingoja siku tatu.

Siku ya nne mahamali, wakiongozwa na nyapara wao Mzee Shomari, walipandisha magunia, migongo imeinama, na mshale ukapanda nao. Kisha wakayateremsha yote. Mshale ukarudi, ukarudi, ukasimama njiani. Wilbert akagonga kioo cha mita kwa ukucha. Wapi! Akaunga waya wa stempu ya pili: pale pale. Ya tatu: pale pale.

"Gundi," injinia alisema. "Gundi yako bure kabisa. Imeteleza."

"Zote tatu, bwana? Kwa kiasi kimoja?"

Injinia alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Champaklal alikuwa mlangoni, anajipangusa shingo kwa leso.

"Salama ama si salama?" aliuliza. "Niambieni tu. Kama mbovu, nitaibadilisha."

"Salama," injinia akajibu.

Angejibu nini kingine? Boriti hiyo aliipitisha mwenyewe miaka minne nyuma ghala lilipojengwa. Sahihi yake ilikuwa kwenye ramani, na kusema chuma kimeumia ni kusema na nani aliyekipitisha. Champaklal hakulijua hilo. Wilbert alilijua, ramani ile aliishika yeye mwenyewe alipokuwa akitafuta pa kubandika.

Kesho yake aliitwa ofisini kwa injinia. Karani Kasmir, mtu wa kwao Kibosho, alimsogezea karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Ilisema kwamba Wilbert Anselmi alibandika vibaya, akatumia pasi bila ruhusa, na ndiyo sababu mshale haukurudi.

"Tia sahihi, mdogo wangu. Utashushwa cheo, utafagia miezi sita, watasahau."

"Na boriti?"

"Boriti ni ya baba yako?"

"Kuna watu wanakaa chini yake, kaka Kasmir. Stempu zangu hazikuteleza."

"Nani kasema zimeteleza? Mimi sijasema. Karatasi ndiyo inasema." Kasmir akateremsha sauti. "Nina watoto watano. Usinifanye nianze kufikiri."

Wilbert hakuwa shujaa. Alichoka tu, na katika kuchoka kule kulikuwa na jambo dogo ambalo hakuweza kuliachia: tangu aanze kazi ile, hakuna stempu yake iliyowahi kuteleza, hata moja. Akairudisha karatasi.

Kasmir alivuta pumzi. Kisha, mbele ya macho ya Wilbert, akachora msalaba mahali pa sahihi, na pembeni akaandika: *alama ya Wilbert Anselmi, asiyejua kuandika*. Wilbert, ambaye nusu ya Wachagga wa Ilala walimjia awaandikie barua za nyumbani! Jioni ile alifukuzwa, akarudishiwa kipande chake cha kazi, kadi ambayo kila mwajiri huisoma kabla ya kumchukua mtu. Palikuwa na neno moja jipya: mzembe.

"Ungetia tu," mkewe Euphrasia alimwambia, bila hasira, akichambua mchele. "Umekataa, na karatasi imekwenda. Sasa umemwokoa nani?"

Asubuhi alikwenda ghalani.

"Bi Zamzam, hamisha jiko, tafadhali. Boriti hii imeumia."

"Nihamie wapi, mwanangu? Barabarani? Huoni mvua?"

Akamwendea nyapara wa mahamali.

"Shikamoo, Mzee Shomari."

"Marahaba. Wiki nzima tumekaa bure kwa hizo stempu zako, sasa unataka nini tena?"

"Msipandishe magunia, mzee. Chuma hakikujirudi."

"Mzungu kasema salama. Wewe kakufukuza." Mzee Shomari alisema polepole, kama anayemhurumia. "Nimwambie nani mwenye njaa kwamba chuma hakikujirudi?"

Mahamali wakacheka. Champaklal alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha cheti alichokwisha kukitundika ukutani.

"Mimi nimeuliza. Wewe ulikuwapo. Nimeuliza, nimejibiwa."

Ikapita wiki moja, zikapita tatu. Karakana za reli, mtaa wa Gerezani, zilisoma kipande chake zikamrudishia. Bandarini vile vile. Euphrasia aliuza doti zake mbili za kanga za harusi. Mtu mmoja tu hakuuliza kipande, kwa kuwa hamali haulizwi kipande, anaangaliwa mgongo.

"Unaweza gunia?" Mzee Shomari alimuuliza.

"Naweza."

Akapanda nalo. Juu, magunia yalikwisha kupita kimo cha siku ya kupima, na mahamali walipishana wakiimba. Wilbert alijua kila ubao aliokanyaga ulikuwa wapi juu ya boriti. La kwanza alilibwaga pembeni kabisa, ukutani, ambako chuma huumia kidogo. La pili ukutani. La tatu na la nne, ukutani, akizunguka mbali kuliko wenzake, huku harufu ya uji wa Bi Zamzam ikipanda kupitia nyufa za mbao.

"We Wilbert!" Mzee Shomari akapaza sauti kutoka mlangoni. "Ukutani pamejaa, huoni? Weka katikati!"

Wilbert alisimama na gunia mgongoni. Nyuma yake foleni ikasimama.

"Katikati, bwana! Unawachelewesha wenzio!"

Akageuka, akaenda nalo katikati.