Programu Zinazojiwasha kwa Mama

Jumamosi saa saba na dakika tano mchana, Mama aliwasha kompyuta ya sebuleni, akaenda kuanika nguo za watu watatu, akarudi, akakuta bado inamkaribisha. Kile kiduara cha kusubiri kilizunguka polepole kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa.

Fomu ya chuo cha uuguzi ilikuwa inafungwa saa kumi jioni. Mama alikuwa mhudumu wa wodi, miaka kumi na sita ya kubadilisha mashuka na kusukuma machela, na mwaka huu chuo kilikuwa kimefungua nafasi za jioni kwa watu kama yeye. Mwaka huu tu. Fomu ilikuwa na kurasa sita, na ukikaa kwenye ukurasa mmoja zaidi ya dakika kumi, inakutoa nje uanze upya. Tangu jana Mama alikuwa ameshatolewa mara nne.

"Mama, sogea," alisema binti yake. "Nipe sekunde."

Ndiyo maana aliitwa Sekunde. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa hajawahi kukutana na mashine iliyomshinda, isipokuwa pasi, na hata hiyo pasi alisema kosa lilikuwa la shati.

"Haraka haraka, mwanangu..." Baba alianza, nyuma ya gazeti.

"Haraka haraka ina fomu, Baba. Inafungwa saa kumi."

Akaingia kwenye mipangilio. Kwanza akazima madoido: vivuli, madirisha yanayofifia, vitu vinavyoteleza kwa maringo. Papo hapo pazia likaacha kupepea, na meza, viti na Baba wakabaki bila vivuli. Kompyuta ikashusha pumzi. Baba alitazama sakafu pale kivuli chake kilipokuwa, kisha akafungua ukurasa wa michezo.

Sekunde akahamisha matumizi ya umeme kutoka kuokoa kwenda kasi kamili. Jokofu likaanza kunguruma kama limeambiwa wageni wako mlangoni.

"Sasa tuone nani anakula kumbukumbu," alisema, akafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka.

Alitarajia michezo ya zamani. Orodha ilisomeka: Soksi za Baba. Funguo za Baba. Miwani ya Baba. Dawa ya presha ya Bibi, saa mbili kamili. Siku za kuzaliwa za ukoo wa Baba (watu thelathini na mmoja). Shemeji gani hasemi na shemeji gani. Gesi inakaribia kuisha. Pembeni kulikuwa na safu ya kuonyesha kila programu inatumia kumbukumbu ya nani, na kuanzia juu mpaka chini palikuwa na neno moja: Mama.

Mama akainama kusoma. "Hapo wamesahau siku ya takataka," alisema.

Sekunde akashusha ukurasa. Hawakusahau.

"Na ya kwangu?" Baba akauliza.

Ya Baba ilikuwa moja. Gazeti, asilimia mbili.

"Mimi situmii nguvu nyingi," alisema Baba kwa unyenyekevu.

"Tumeona, mzee wetu," alisema Sekunde. "Wewe ni wa kuokoa umeme."

Sekunde akabonyeza kuzima soksi. Kompyuta ikakataa, ikataka nenosiri la msimamizi. Msimamizi alikuwa Baba, kwa sababu siku kompyuta ilipoletwa, muuzaji aliuliza kichwa cha nyumba ni nani, na Mama, aliyekuwa amebeba boksi kwa mikono miwili, akamwonyesha kwa kidevu.

"Baba, nenosiri?"

"Mama Sekunde, nenosiri langu ni lipi?"

Mama akalitaja: herufi nane, namba mbili, alama ya mshangao. Nalo lilikuwemo kwenye orodha, mstari wa kumi na nne.

Sekunde akazima moja baada ya nyingine. Kila moja ilipozimika, mabega ya Mama yalishuka kidogo, mpaka blauzi yake ikakaa kama fundi alivyoikusudia. Dawa ya Bibi waliiacha, maana presha haichezewi.

"Na hilo nenosiri liache," alisema Mama. "Nikilisahau, tutaingiaje tena?"

Likaachwa. Kompyuta ikazimwa na kuwashwa upya. Ikawaka kwa sekunde kumi na moja.

Mama akaketi. Ukurasa wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Alichapa kwa vidole viwili, lakini vidole vyenyewe havikuwa na habari ya jambo jingine lolote duniani. Kwenye ukurasa wa nne Baba akatokea chumbani na soksi moja.

"Mama Sekunde, ya pili iko wapi?"

"Sijui," alisema Mama.

Ilikuwa kweli. Baba akasubiri kidogo, endapo jibu lingine lingefuata, kisha akaenda kutafuta kwenye jokofu.

Saa tisa na nusu kioo kiliandika: Ombi lako limepokelewa. Mama aliyasoma maneno hayo mara tatu, kwa sauti ile anayotumia kuita majina ya wagonjwa.

"Si nilikwambia sekunde?" alisema Sekunde, akaenda kunywa maji kama bondia.

Mama akatoka kuanua nguo. Baba akaketi mbele ya kompyuta, mguu mmoja peku. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayehitaji soksi. Aliona kitufe cha kurejesha mipangilio ya awali, akakibonyeza. Mashine ikamwomba nenosiri.

"Mama Sekunde! Nenosiri langu ni lipi?"

Na Mama, vibanio mdomoni, bila kugeuka, akamtajia.

Pazia likaanza kupepea. Vivuli vikarudi chini ya viti. Kule kwenye kamba ya nguo, mabega ya Mama yakapanda.

"Nyuma ya kochi," alisema. "Upande wa ukutani."

Baba akaipata. "Mnaona?" alisema, akiivaa. "Ilitaka utulivu tu."

Sekunde aliporudi alikuta kiduara kinazunguka. Akasubiri, akafungua orodha. Soksi zilikuwa za kwanza, kama kawaida yao. Mwisho kabisa palikuwa na mstari mpya: Masomo ya Mama, kila jioni saa kumi na moja. Kumbukumbu ya Mama.

"Sawa," alisema, akavunja vidole. Hili lilikuwa dogo. Angebadilisha nenosiri, basi. Baba abonyeze mpaka kidole kiote sugu.

Akachagua neno refu, gumu, lisilo na jamaa yeyote. Mashine ikalikubali, kisha ikauliza lihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya nani. Palikuwa na jina moja tu, na tiki ilikuwa imeshawekwa.