Lori Lililougua Njiani Tu

Mubi nzima ilikuwa imeshajua ugonjwa wa lori la Mama Agathe, isipokuwa fundi aliyekuwa akilitibu.

Huo ni mji wa barabara ya msituni, wenye pikipiki nyingi, maduka mengi, na wataalamu wa injini wengi kuliko injini zenyewe. Faustin, muuza vilainishi, alisema kosa ni la mafuta ya injini, na kwa bahati njema alikuwa na mengine mazuri zaidi dukani kwake. Mchungaji Darius alitaka kwanza aambiwe lori lilinunuliwa kwa nani, na mtu huyo anasali wapi. Hata fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kuendesha baiskeli, aliinamia injini siku moja, akafumba macho, akatamka neno moja tu, "pistoni", kisha akarudi kushona kola.

Josiane, fundi mwenyewe, aliwasikiliza wote. Angependa sana kuwafukuza, kwa spana ikibidi, lakini garaji yake ilisimama kwenye kiwanja cha Mama Agathe, na mtu aliyejenga kwa mwenzake hujifunza kutabasamu.

Tena lori lenyewe alikuwa amelichagua yeye. Lilikuja limetumika, la dizeli, magurudumu sita, na ujana wake wote lilikuwa limeumaliza Ulaya likisukuma theluji. Mama Agathe, ambaye huteremsha maharagwe na viazi kutoka milima ya Ngungu na kuwauzia watu wa migodini, alikuwa amemwita Josiane alitazame. "Josiane, mutoto yangu, ninunue ao niache?" Josiane akakagua chini, akakagua juu, akasema, "Nunua, Mama." Likanunuliwa, likapakwa rangi ya kijani, likaandikwa WIVU KAZI BURE kwa herufi za kuonekana mpaka mbinguni, na tangu siku hiyo halikumpa mtu raha.

Kila likitoka Ngungu na mzigo, mshale wa joto la mafuta ulipanda mpaka kwenye nyekundu. Ule wa maji haukutikisika. Mafuta tu ndiyo yaliyoungua, yakawa mepesi kama chai, taa ya presha ikaanza kukonyeza, na Léopold, dereva, akasimama pembeni kungoja injini ipoe. Alisimama hivyo mara tano, mara sita. Viazi vilifika vimeota ndevu. Lakini lori likishaingia garaji, lilikuwa zima kabisa. Josiane aliliwasha asubuhi, akaliacha lingurume mpaka mchana, mshale ukalala. Akalizungusha mjini, mshale ukalala.

Alimwaga mafuta, akatia mapya ya Faustin. Akabadilisha chujio. Akaushuku mshale wenyewe, akaichomoa sonde yake, ile inayopima joto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Ilisema kweli tupu. Akasafisha rejeta ndogo ya kupoza mafuta, ile inayokaa chini ya rejeta ya maji, nyuma tu ya bampa, akaipuliza kila tundu. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Na kila mara Mama Agathe alikuja kusikiliza majibu akiwa na sahani ya jibini. Jibini ya Masisi, ya manjano, yenye ngozi ngumu, ambayo huku kwenye joto la msitu ni anasa ya wenye nacho. Alikata kipande kinene, akakiweka mezani katikati ya spana. "Kula kwanza, mutoto yangu. Labda ni njaa njo inakuzuia kuona." Josiane alikula, akalamba vidole, akarudi chini ya lori.

Siku moja Mama Agathe alileta sahani mkono mmoja na kufuli mkono wa pili. Kufuli jipya, kubwa, la shaba. Akaliweka karibu na jibini, akaonyesha lango la garaji kwa kidevu.

"Safari moja tu, Josiane. Ikichemka tena, hii ntaifunga ku portail. Kiwanja ntamupatia muntu wa kuuza mbao. Mbao haichemkake."

Josiane alilitazama lile paa la mabati alilolipigilia mwenyewe, bati kwa bati. Hakuwa na kiwanja kingine, wala mji mwingine unaomjua kwa kazi yake.

"Basi niende nayo, Mama," akasema. "Ugonjwa inakuyaka mu njia. Ntaingojea mu njia."

Léopold hakufurahi. Alikuwa dereva wa miaka mingi, mwenye kofia ya ngozi na maoni. "Mi niko mu barabara tangu weye uko mu mugongo ya mama yako," akamwambia wanapotoka Mubi. "Hii kamyo iko na baridi ya Bazungu mu mifupa. Ikiona jua, inaogopa. Haina dawa."

Walipanda Ngungu na chumvi na sabuni, siku nne za matope, vizuizi, na Léopold. Mshale ulilala njia nzima kama mtoto aliyeshiba. Léopold alipiga mluzi. "Unaona? Inakuheshimu."

Ngungu walipakia maharagwe na viazi mpaka springi zikalia. Asubuhi ya kuondoka, Sebarenzi, mfugaji anayetengeneza jibini juu ya kilima, alileta makasha mawili ya mbao yenye jibini ya Mama Agathe. Léopold aliyapanga mbele ya lori, juu ya bampa, kama yanavyofungwa kwenye malori yote yanayoteremka kutoka huko, ili upepo uyapige na jibini isiharibike. Akazungusha kamba.

"Vuta, dada."

Josiane akavuta. Akavuta kwa nguvu, akakaza fundo yeye mwenyewe, maana hapendi kitu kinachocheza.

Waliteremka mpaka Shasha, ambako wanawake waliwasukumia samaki dirishani. Kwenye tambarare ya ziwa mshale uliinua kichwa kidogo. Walipopita Sake na kuanza kukwea kuelekea Masisi, kwenye kona ya tatu, uligusa nyekundu.

"Njo hiyo," Léopold akasema kwa furaha isiyofichika. "Karibu ku kazi."

Josiane aliruka chini, injini ikiunguruma. Rejeta ya maji ilikuwa na joto lake la kawaida. Maji salama, mafuta yanaungua: basi shida iko kwenye njia ya mafuta. Akainama aguse rejeta ndogo, mkono wake ukagonga mbao.

"Léopold, ondosha kwanza hii fromaji. Nataka kufika ku radiateri."

Léopold alifungua kamba huku akinung'unika. Josiane akaipapasa rejeta ndogo, akakagua mabomba, hakuona hata tone. Aliporudi kwenye kabini mshale ulikuwa umeshuka. Makasha yakafungwa, wakaondoka. Kona mbili, nyekundu. Wakasimama, makasha yakaondolewa, akapapasa, mshale ukashuka. Yakafungwa tena.

Mara ya tatu Léopold alikuwa tayari ameshika kamba ayafungue makasha, akisema lori linataka kubembelezwa, ndipo Josiane akamshika mkono.

"Acha."

Alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama sura ya lori. Juu, rejeta ya maji ilikuwa wazi, inapumua. Chini, mahali pa rejeta ya mafuta, palikuwa na makasha mawili ya jibini yaliyokaa sawasawa kama kifuniko cha chungu. Malori mengine ya huku hupoza mafuta yake ndani, kwa maji. Yanaweza kufungwa hata ng'ombe mbele. Hili la theluji lilihitaji upepo, na upepo wake ulikuwa unapewa jibini. Kwenye garaji lori lilifika zima kwa sababu kila safari Léopold alipita kwanza nyumbani kwa Mama Agathe kushusha makasha, kisha ndipo akamletea mgonjwa.

Josiane alikaa chini kwenye matope, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa kicheko. Miezi mitatu alikuwa akiletewa ugonjwa kwenye sahani, akiula, akilamba vidole, kisha akirudi kuutafuta chini ya lori.

"Nani alikuambia kufunga hapa?"

Léopold aliivua kofia. "Mama mwenyewe. Alisema, mbele, ku upepo. Mu kabini inayeyuka. Ku nyuma viazi inaiponda." Akatazama huku na huku, ingawa hapakuwa na mtu. "Dada, usimwambie. Tuseme ni pompe ya mafuta. Weye unasema umebadilisha, mi naapa."

"Na fromaji utaiweka wapi?"

"Pale pale."

"Basi itachemka tena."

Léopold aliwaza sana. "Kweli," akasema.

Makasha yakaingia kabini, moja miguuni kwa Josiane, jingine mapajani. Lori likakwea Masisi likiimba, likateremka msituni, na halikusimama kupoa hata mara moja. Kilichokosa upoaji kilikuwa jibini. Kwenye joto la Walikale, juu ya injini, ilianza kutoa jasho, kisha kulegea, kisha kutiririka kwenye suruali ya fundi.

Walifika Mubi siku moja kabla ya matarajio. Mama Agathe alikuwa kwenye lango, kufuli mkononi, na wataalamu wote nyuma yake. Aliona lori, akaona viazi bado vigumu, akaanza kutabasamu. Kisha akaona kasha.

"Nani aliua fromaji yangu?"

Faustin akasogea karibu zaidi. Pompe ya mafuta ilikuwa pale kwenye ulimi wa Josiane, tayari kabisa, na Léopold akimwombea kwa macho.

"Mimi, Mama. Ilikuwa fromaji ao motere. Nilichagua motere."

Mama Agathe alisema huo ni upuuzi, fromaji haichomake chuma. Basi Josiane akayafunga yale makasha mahali pake pa heshima, akampandisha Mama Agathe kabini, na Léopold akaendesha lori na mzigo wake mpaka kwenye mlima wa nje ya mji. Mshale ulikwea pamoja nao mpaka nyekundu. Josiane akashuka, akafungua kamba, mshale ukarudi kulala. Mama Agathe alitazama bila kupepesa macho. Aliomba jaribio lirudiwe. Lilirudiwa.

Waliporudi langoni, Mama Agathe alishuka, akapanga kitambaa chake, akawatangazia watu kwa sauti ya soko kwamba ugonjwa umepatikana: huyu Léopold hajui kufunga mizigo. Léopold alifungua mdomo, akakutana na jicho lake, akaufunga. Faustin alisema hata yeye alishuku hivyo tangu mwanzo. Fundi cherehani alisema ndicho alichomaanisha.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mama Agathe alikuja garaji peke yake, sahani mkono mmoja, kufuli mkono wa pili. Juu ya sahani palikuwa na bonge la jibini lisilo na umbo, lenye vumbi, harufu ya dizeli, na uzi mmoja wa suruali ya Josiane. Akaviweka vyote mezani, pale pale pa siku zote.

"Kula, mutoto yangu. Yote. Mi nakungoja."

Josiane akala, Mama Agathe akimtazama kila tonge. Sahani ilipobaki tupu, mama huyo akalichukua kufuli, akalitia kwenye mkoba, akaondoka bila kuaga, lango akaliacha wazi.